Fundo la Masanja

Baba,

Nimemvunja mkono mdogo wako. Naanza na hilo usije ukalisikia kwa wengine huko uliko.

Tangu tukuzike, karakana ya hapa Malampaka naiendesha mimi. Wateja wengi sasa wanataka viti vya kamba za nailoni, rangi mbili, moja juu moja chini, havinipi taabu. Vya katani navyo nasuka. Vya ngozi sijagusa. Nikiloweka ukanda tu, nakusikia: "Ukaze ungali na maji, Minza. Ukikauka utamalizia wenyewe." Nauacha humo humo majini.

Maana ndivyo ulivyokufa. Polisi walisema ni majambazi. Ulizibwa mdomo, ukafungwa mikono, ukafungwa ukanda mbichi wa ngozi ya ng'ombe shingoni, ukaachwa juani nyuma ya karakana, nami nilikuwa kijijini Binza napeleka viti. Niliporudi ukanda ulikuwa umezama nyamani. Niliukata kwa kisu chako, vidole vikateleza, nikakukata na wewe kidogo. Nisamehe kwa hilo.

Fundo sikulikata. Nililiona, nikauficha ule ukanda. Kuzungusha mara mbili, kurudisha ncha chini, kuipiga kwa jiwe ilale: lile lile unalomalizia kiti, kule chini ambako mteja haangalii. Ulitufundisha watu wawili tu, mimi na baba mdogo Masanja. Ulimkatalia kuuza kiwanja cha karakana, akakuua, na mikono yake ikafunga ilivyozoea. Mjinga yule! Angefunga fundo la kufungia mbuzi, leo angekuwa anakula nyumbani kwako.

Nilinyamaza hadi siku ya kumaliza matanga. Ukoo ulikusanyika kumkalisha Masanja kwenye kiti chako cha ngozi, awe mrithi. Kabla hajashusha makalio nilikipindua kiti miguu juu, nikatoa ukanda kwenye kanga, nikauweka pembeni. Mafundo mawili, pacha kabisa. Shangazi alipiga yowe. Masanja akakimbilia mlangoni. Vijana wakamwangusha, wakampiga mateke, hadi mama akajitupa juu yake akilia kwamba hataki maiti ya pili. Wakamfunga mikono, wakapiga simu polisi.

Ndipo nikaenda karakana, nikarudi na nyundo ya mti. Alikuwa amekaa chini, damu puani, ananitazama. "Ng'wanone, mwanangu, basi." Nikaupiga mkono wa kulia. Nikaupiga tena. Niliisikia mifupa, Baba, na nilifurahi. Mama hajanisemesha tangu siku hiyo.

Sasa kesi iko Bariadi na mimi ndiye shahidi wa kwanza. Ukoo mzima umekubaliana kusema mkono ulivunjika alipoanguka akikimbia, nisije nikafungwa na mimi. Wananibembeleza kila siku. Shangazi amefikia hadi kunipigia magoti.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, nikisimama mbele ya jaji nitasema aliyekuua ni Masanja. Halafu nitasema kwamba alikuwa ameshafungwa mikono nilipompiga.

Mwanao,
Minza