Nani Anamponya Mponyaji?

Jumamosi, Voi

Lile joka la mchezo ninaoubuni nililifanya kali mno. Lakini si joka linaloninyima usingizi.

Mchana tulijaribu mashujaa wapya wa mchezo wangu wa mezani, kila mtu na shujaa wake na dadu zake. Jirani yangu Mwadime alichukua Mwita Mvua. Mdogo wangu Wakesho, aliyeshuka kutoka nyumbani Chawia, nilimpa Mponyaji, ambaye nguvu yake ni kubeba majeraha ya wenzake. Wazo hilo nililionea fahari sana.

Joka lilipoanguka, Mwadime aliruka kwa shangwe. Hakuna aliyeona kwamba Mponyaji amekufa, mpaka Wakesho alipoweka dadu chini taratibu.

"Na huyu, kaka, anaponywa na nani?"

Nikamwambia sehemu hiyo bado sijaiandika. Mwadime akacheka. Wakesho hakucheka. Alichukua mkoba wake, akasema lazima awahi gari, mama hawezi kujigeuza kitandani.

Yeye ndiye anayemgeuza, usiku na mchana, tangu mama apate kiharusi. Mimi hutuma unga na sukari, halafu najiona mtoto mwema.

Nimemwandikia: "Jumatatu naanza likizo. Nakuja kukaa na mama, wewe upumzike."

Amejibu papo hapo: "Siku ngapi?"

Nimeandika mbili. Nikaona haya, nikafuta. Kazini, walikozoea kuniita hata nikiwa likizoni, watanuna, na sijui hata kumwogesha mama kunaanzia wapi.

Nimetuma: "Likizo yote." Nimeutuma ujumbe haraka, kabla sijaogopa.