Mama Yako Alichagua Dawa Kabla ya Kisu

Barabara ya Souassi,
El Jem, Tunisia.
2 Desemba

Mpendwa binti wa dada yangu, Olfa,

Amani ya Mungu itangulie mbele ya barua hii, maana posta ya siku hizi inatembea kwa magoti. Hujambo mwanangu? Baridi ya Lyon inakuonea huruma? Mkwe wetu hajambo? Na yule mjukuu, bado hali chakula mpaka aimbiwe? Sisi huku tu wazima. Mimi mjomba wako ni mzima kupita kiasi. Juzi nesi alinipima presha, akarudia kupima, akauliza kama kweli nina miaka hamsini na sita au nimeazima cheti cha kijana wa jeshi. Mke wangu Dalila anasema nesi hakusema hivyo. Dalila hakuwepo.

Uliniambia kwenye simu kwamba ukimwuliza mama yako hali, anajibu ni mzima, kisha anakuuliza bei ya nyanya huko, basi. Ukaniomba nikuandikie yote, nisikufiche kwa sababu uko ugenini. Nimekubali. Shule niliiacha darasa la sita, lakini mwalimu wetu alilia siku niliyoondoka, akasema mwandiko wangu ulifaa kwa mikataba ya serikali.

Nianze na la mwisho ili moyo wako ushuke: upasuaji umefanyika, umekwenda salama, titi lake analo, na sasa hivi yuko jikoni ananigombeza kwa kuingia na viatu. Tumshukuru Mungu. Sasa kaa vizuri nikueleze tulivyofika hapo, maana mama yako alipita njia ambayo mimi ningemzuia.

Majibu yalipotoka mwezi wa tano, tulikutana kwenu kama desturi yetu, wakubwa wa ukoo, kuamua. Ugonjwa wenyewe unajua huku hatuutaji. Tunasema "ule" na kila mtu anatazama chini. Daktari alikuwa amemweleza mama yako kwamba kuna njia mbili: apasuliwe kwanza halafu apewe dawa ya kemo, au apewe kemo kwanza halafu apasuliwe. Akampa wiki ya kufikiri. Sisi tukaona wiki ni nyingi, tutaimaliza kabla ya magharibi.

Nilisimama mimi kwanza. Nani mwingine? Kutoka hapa mpaka mpaka wa Libya, hakuna asiyeujua msumeno wangu. Nimewahi kupogoa mzeituni mkubwa kiasi kwamba nilipanda chini kuna jua, nikakuta kileleni mvua inanyesha. Nikawaambia, "Mzeituni ukiota vinundu, huupi dawa ukangoja. Unakata tawi, unachoma, unalala usingizi. Akatwe kwanza, akatwe kesho!"

Ami yako Amor akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Kisu? Ule ukiguswa na kisu unapata hewa, unatawanyika mwilini kama nyuki waliochokozwa. Jirani wa mke wangu walimpasua, mwaka haukuisha!"

"Amor, kama hewa ni sumu, mbona unaivuta?"

"Na wewe Mongi, utamuuzia nani kuni za dada yako ukishamkata?"

Tulikaribia kushikana. Baba yako alikuwa amekaa pembeni anazungusha tasbihi, hasemi, unamjua Hedi. Ndipo mama yako akaingia na sinia ya kahawa, akaiweka katikati yetu taratibu.

"Kunyweni," akasema. "Mkishaamua mtanijulisha titi ni la nani kati yenu."

Tulikunywa.

Hata hivyo siku ya daktari tulikwenda naye hospitali ya Sousse, mimi, Amor na baba yako, ili asionewe. Daktari ni mwanamke, anaitwa Sihem, mfupi, ana sauti ya upole lakini haipindiki. Akamwuliza, "Bi Mabruka, umefikiria nini?" Nikajibu, "Tumefikiria kukata." Amor akajibu, "Hatujafikiria kukata." Daktari akavua miwani, akasema, "Naomba kaka na shemeji mkasubiri nje." Baba yako naye akainuka. Mama yako akamshika mkono wa shati. "Wewe kaa."

Mlango ule ni mwembamba, na masikio yangu huwa yanasikia mzeituni ukinywa maji, kwa hiyo haya ninayokuandikia si ya kuambiwa.

Daktari alimwambia kwamba kwa saratani ya aina yake, ukianza na kisu au ukianza na dawa, umri wa mtu haupungui kwa sababu ya hilo. Tofauti iko kwingine. Uvimbe ulikuwa mkubwa. Ukikatwa wakati ule, titi lote lingeondoka. Dawa ikitangulia, huenda ukasinyaa, pakatolewa kipande tu. Huenda, akasema, siahidi. Na usiposinyaa tutaona mapema, tutabadili dawa au tutapasua.

Mama yako akauliza, "Ukishakatwa, dawa ikaja baadaye, nitajuaje kama dawa inafanya kazi?"

"Hutaiona ikifanya kazi. Tunaitoa kwa kuamini inasafisha mabaki."

Kisha nikamsikia, Olfa, kwa sauti ileile anayochagulia samaki sokoni: "Basi saratani yangu ibaki kwanza, nione inavyopigwa. Mimi nimeviringa unga kuwa punje za kuskusi tangu sijajua kusuka nywele zangu. Vidole vyangu vinatofautisha punje gizani. Nataka nijue inapungua."

Aliutaja ugonjwa kwa jina lake. Amor alishika ukuta.

"Vidole vyako nitaviheshimu," daktari akasema, "lakini tutaupima na kwa picha."

Nilishindwa kuvumilia, nikafungua mlango. "Dada, unafuga adui ndani ya nyumba?"

Akageuka. "Mongi, mdogo wangu, mimi si mzeituni."

Nesi alicheka mpaka akaangusha kalamu. Nilimwokotea, kwa adabu.

Basi akaanza kemo mwezi wa sita. Sitakudanganya, ilikuwa ngumu. Nywele zilitoka, mdomo ukafanya vidonda, harufu ya mvuke wa chungu ikawa inamfukuza jikoni kwake mwenyewe. Baba yako akajifunza kupika. Alichoma sufuria ya shaba ya bibi yenu ikawa nyeusi kuliko dhambi, lakini supu yake mama yako aliinywa.

Ulipofika wakati wa kuviringa kuskusi ya mwaka, sote tulijua safari hii kwenu hakutakuwa na kitu. Wanawake wa mtaa hawakuulizana. Walipanda juu ya dari lenu la wazi na masinia na machekeche yao, Bi Saluha mbele, sauti yake inasikika mpaka kituo cha treni. Mama yako akaenda kunyoosha mkono kwenye unga, Bi Saluha akampiga kofi vidoleni. "Keti hapo kivulini! Leo wewe bibi harusi, bibi harusi haguswi na unga."

"Bibi harusi gani mwenye upara?"

"Heri yako, huhitaji msusi!"

Walicheka hadi mmoja akamwaga maji kwenye sinia. Magunia yenu yalijaa kuliko miaka yote, nami niliyabeba mawili kila bega. Haya, moja kila bega.

Sasa nikwambie ambalo mama yako hatakwambia. Baada ya dripu ya pili alinikuta nje nanoa msumeno, akaketi kwenye ngazi. Alikuwa amejipapasa asubuhi ile, akaona uvimbe uko vilevile, kama tunda la jozi. Akasema, "Na kama nimekosea, Mongi? Kama nimeupa nafasi?"

Olfa, mimi ni mtu wa maneno. Nilikuwa na nafasi ya kusema "nilikwambia", na ulimi ulikataa, Mungu aubariki. Nikamwambia tu, "Twende kwa daktari leo, tusingoje zamu yako." Njiani nilimsimulia nilivyowahi kuliendesha gari la marehemu baba kinyumenyume kutoka Kasserine kwa sababu gia za mbele zilikufa, na polisi wakanipigia saluti wakidhani ndiyo mbele. Ameisikia mara mia. Alicheka alipofika kwenye polisi, na hilo ndilo nililolitaka.

Daktari Sihem hakukasirika kwamba tumekuja bila zamu. Akapima kwa picha, akamwonyesha: uvimbe ulikuwa umeanza kulegea pembezoni, vidole havijaweza kuhisi hilo. Akasema kuna dawa nyingine inafuata baada ya hii, tuipe nafasi yake. Mama yako akasema, "Tuipe." Safari hii sikufungua mlango wowote, nilikuwa ndani, nimeitwa.

Ile dawa nyingine ndiyo iliyofanya kazi ya kiume. Jozi ikawa zeituni, zeituni ikawa dengu. Asubuhi moja mwezi wa kumi aliniita kabla sijanunua mkate. Nilimkuta amesimama mbele ya kioo, shela begani, kama mtu aliyepoteza hereni. "Siuoni," akasema. "Mongi, nautafuta na siuoni." Baba yako alikuwa amekaa kitandani analia bila sauti. Mimi sikulia. Lilikuwa vumbi, barabara ya Souassi unaijua.

Walimpasua mwezi uliopita. Walitoa kipande kidogo pale uvimbe ulipokuwa, na tezi chache za kwapani. Majibu yamekuja juzi: katika walivyovitoa hawakukuta saratani iliyo hai. Daktari ametuonya tusijifanye tumemaliza. Kuna mionzi mbele yake, kuna vidonge, kuna kupimwa miaka na miaka. Lakini alimkumbatia mama yako, na daktari yule si mtu wa kukumbatia.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru Mungu, kisha daktari, kisha Bi Saluha na kina mama wa darini, kisha baba yako na supu yake. Na dada yangu namshukuru kwa kutonisikiliza. Hili nimeliandika, usimsomee Amor.

Mama yako ameniagiza neno moja kwako, na si ombi. Nenda ukapimwe matiti. Mwambie daktari wa huko mama yako aliugua nini, na uutaje ugonjwa kwa jina lake. Usiseme kazi nyingi. Ukisema kazi nyingi nitapanda meli, na nikipanda mimi nahodha hupumzika.

Baba yako anakusalimu, Dalila anakusalimu, Bi Saluha anauliza lini utaleta mtoto aonje mafuta mapya ya zeituni. Hata Amor anakusalimu. Mungu akufunike, akupe afya na nyumba yenye kelele za watoto.

Na kama, Mungu apishe mbali, siku moja nawe utawekwa mbele ya njia mbili, hatutaitisha kikao. Amua wewe, kisha utuambie tubebe nini.

Anayekupenda tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni,
Mjomba wako Mongi