Makofi Uliyoyasikia Ukiwa Roshani

Mtaa wa Budapeshtskaya, nyumba 17,
St. Petersburg.
9 Januari

Mpendwa Shangazi Taisia,

Pokea salamu zangu za Krismasi yetu ya juzi, na natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mjomba Arkadi. Goti lako linaendeleaje tangu lile anguko la Novemba? Na umeme wa Kholmsk umetulia, au upepo bado unawalaza gizani? Mimi sijambo. Kifundo cha mguu kinauma asubuhi tu, nikishakunywa chai kinatulia.

Kifurushi kilifika salama, ahsante sana. Mayai mekundu ya samaki niliyala kwa kijiko, nimesimama jikoni kama mwizi, hata mkate sikukata. Kopo la kocha nilimpelekea. Unamjua Rimma Eduardovna, uso wake haujawahi kuona tabasamu. Alifungua, akanusa, akasema, "Mwambie Taisia bahari imemfaa." Kwake yeye hiyo ni hotuba nzima.

Sasa Shangazi, vuta kiti ukae. Nina jambo, na sitaki ulisome ukiwa umesimama.

Siku chache baada ya mashindano ya taifa ya kuteleza kwenye barafu, Mjomba alinipigia simu. Alikuwa ananong'ona kwa sababu ulikuwa jikoni. Alinieleza kwamba jina langu lilipotajwa kwenye televisheni ulivaa koti, ukatoka kwenda roshani kwenye baridi ile, ukafunga mlango wa kioo na kuipa televisheni mgongo. Hilo halikunishangaza. Lakini akasema kwamba muziki ulipokwisha, makofi yakapenya hadi huko nje, ukaingia mbio mashavu yameiva kwa baridi, unalia na kucheka kwa pamoja: "Ametua! Arkadi, ametua lutz yake!" Ukamkumbatia mpaka miwani ikamdondoka. Kesho yake ukaoka mikate ya kabichi na kuwagawia majirani wa ghorofa zote.

"Agnia, mwanangu, nakusihi, nyamaza," akaniambia. "Mwache afurahi. Ameshamwambia hata muuza samaki."

Nilimwahidi, nikanyamaza mpaka sikukuu ikapita. Nimeshindwa. Shangazi, nilianguka.

Unajua lutz ilivyonitesa. Ni mruko mmoja tu, unauingia kinyumenyume na kuzunguka mara tatu hewani, lakini ndio ulionivunja kifundo nikiwa na miaka kumi na saba. Tangu hapo, kila mashindano niliufanya wa mizunguko miwili kama mtoto. Mwaka huu nilijua ni wa mwisho kwangu, nami nilitaka niufanye mzima mara moja tu kabla sijatundika viatu. Rimma Eduardovna alinishika mabega pale ukingoni mwa barafu. "Fanya miwili, uondoke na heshima yako." Nikamjibu, "Heshima ninayo, Kocha. Lutz ndiyo sina." Akaniachia.

Kule Chelyabinsk, kwenye mashindano, nilikuwa mzee kuliko wote. Mabinti wa miaka kumi na mitano wanaruka mizunguko minne huku wanatafuna peremende. Nilipoingia chumba cha kubadilishia nguo, mmoja wao, Yesenia, akainuka na kunipisha kiti. "Shikamoo, Bibi! Fimbo umeiacha wapi?" Nikamwambia, "Marahaba, mjukuu wangu. Njoo unifunge kamba za viatu, mgongo wa bibi yako hauinami." Akapiga magoti akazifunga kweli, vizuri kabisa, huku wenzake wakivunjika mbavu. Kile kicheko kilinisaidia kuliko dawa.

Nikaingia barafuni. Niliruka juu vizuri, nikazunguka, nikaziona taa, kisha nikaiona barafu. Niliangukia nyonga na kuteleza mpaka ukutani. Watu wakaguna ule mguno wao wa siku zote, ule unaoujua wewe kuliko mimi. Hukuusikia, kwa sababu Mjomba anasema gari la kuondoa theluji lilikuwa linapita chini ya roshani wakati ule ule. Ndiyo maana nasema masikio yako hayana kosa.

Muziki ulikuwa umeshaniacha. Nilibaki nimekaa pale, nikawaza nisiinuke. Nakwambia kweli, Shangazi, niliwaza hivyo. Halafu huko juu kabisa mtu mmoja akaanza kupiga makofi kufuata muziki, polepole. Wengine wakamfuata, kisha upande mzima, kisha ukumbi wote. Hawakuacha. Nikainuka, nikaukimbilia muziki wangu, na wakanipigia makofi hadi mwisho wa mchezo. Machozi na kamasi vilinichuruzika mbele ya taifa zima, wala sikujali. Nilipomaliza, walikuwa wamesimama. Ndiyo makofi uliyoyasikia wewe. Yalikuwa ya kweli, na yalikuwa yangu, lakini hayakuwa ya lutz. Nilikuwa wa kumi na moja.

Nikiwa kwenye basi la kurudi hotelini sikuiwaza lutz hata kidogo. Nilikuwa nakuwaza wewe na yale makoti.

Unakumbuka mashindano yangu ya kwanza hapa mjini? Nilikuwa na miaka kumi, nawe ulikaa safu ya pili na mfuko wa ndizi. Nikaanguka. Usiku ukasema jicho lako ni zito, kwamba ndilo lililoniangusha. Kuanzia siku hiyo hukuniangalia tena. Kila mashindano ulisimama kule kwenye chumba cha kuwekea makoti, katikati ya makoti ya watu, ukisikiliza kelele za ukumbini. Nikitoka unanifunga skafu na kunisomea matokeo: "Leo mara moja, na umeangukia makalio." Hukukosea hata siku moja. Akina mama waliotunza makoti walikuwa wakiniuliza kama wewe ni mganga.

Shangazi, uliacha kazi yako nzuri kwenye kiwanda cha maziwa huko kwetu Glazov kwa sababu Baba na Mama hawakuweza kuhamia nami hapa mjini. Ukaja kuishi nami kwenye chumba kimoja chenye majirani wa kugombania jiko. Ulikuwa ukiamka alfajiri kwenda kukanda unga wa watu ili mchana uwe huru kunisubiri. Ukamwacha Mjomba Arkadi akikuandikia kutoka huko Sakhalin mliko sasa miaka yote ile, mpaka mimi mwenyewe nikakufungia sanduku na kukufukuza ukaolewe. Umenipa miaka yako mizuri, na mchezo wenyewe hukuuona. Sijawahi kukushukuru sawasawa, nilidhani nitakushukuru siku nikileta medali. Medali kubwa haikuja. Basi nakushukuru bila medali: ahsante, Shangazi. Kila nilichokifanya juu ya barafu ile, wewe ndiye uliyenifikisha.

Na sasa nisikilize, maana ndiyo sababu ya kumvunjia Mjomba ahadi. Kule Chelyabinsk hukunitazama. Ulikuwa ng'ambo ya nchi, kwenye roshani, mgongo umegeuzwa, mlango umefungwa. Na bado nilianguka. Jicho lako halikuniangusha siku ile ya ndizi, na halijawahi kuniangusha siku yoyote. Nilianguka kwa sababu barafu inateleza.

Kuanzia Februari Rimma Eduardovna ananipa kikundi cha watoto wadogo wasiojua hata kusimama. Nimefurahi mno kuliko nilivyotarajia. Nitawafundisha kwanza kuinuka, kuruka kutafuata.

Baba na Mama wanakusalimu sana kutoka Glazov, na kaka Matvei pia. Binti yake ameota meno mawili na anang'ata kila mtu. Nisalimie majirani wa ghorofa zote, wala usiwaombe mikate irudi. Mjomba Arkadi mwambie asininunie. Mungu awalinde, awape joto majira haya yote ya baridi, na goti lako alitie nguvu za kukuleta huku wakati wa kiangazi.

Nina ombi moja tu. Mjomba ameuhifadhi mchezo wangu kwenye simu yake. Usitoke kwenda roshani. Kaa karibu naye, mshike mkono ukipenda, utazame. Nitaanguka mwanzoni kabisa. Ukirudia kutazama nitaanguka tena palepale, na kila mara, Shangazi, utaniona nikiinuka.

Ni mimi mtoto wako wa kwenye makoti, nikupendaye sana,

Agnia