Kengele ya Mashine ya Krimu

Kwako Baba Rebeka, uliyelala kule juu ya shamba la pareto,

Nimerudi kazini. Najua ungecheka mpaka ukohoe, kwa sababu sikurudi kuchuma pareto. Nimeshika kazi yako. Mimi, uliyenifukuza kwenye chumba cha maziwa, ndiye ninayezungusha mashine ya krimu asubuhi na jioni.

Baada ya kukuzika nilikaa ndani tu. Nywele nilizonyolewa zilikuwa zimeanza kuota wakati nyapara alipokuja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Alizunguka sana kwa maneno, mara mvua ya Subukia, mara ng'ombe, ndipo akasema, "Mama Rebeka, pole tena. Lakini unajua hii nyumba ni ya mtu wa kazi."

Nilijua. Ungefikiri ningewaza kitanda na kuku wangu, lakini nilikuwaza wewe. Kama ningefunga mizigo nirudi Maragoli kwa mama, aliko mtoto wetu, wewe ungebaki hapa na wageni, na msimu mmoja wa jembe ungetosha kukupoteza. Hakuna hata jiwe pale, kuna ule mti mdogo niliopanda tu.

Pareto haikuwa na maua wakati ule. Lakini tangu majirani zetu Wakikuyu walipopakiwa na serikali kwenye malori na kupelekwa makwao, wanaume wa kazi wamepungua hapa, na wawili waliojaribu mashine yako walishindwa. Nikaenda kwa memsahib, Mzungu wetu mwenye shamba, nikamwambia naweza. Alinitazama mikono, halafu miguu, sijui miguu ilikuwa na kosa gani.

"Mwezi moja," akasema. "Krimu mbaya, veve kwenda."

Ulikuwa umenionyesha mengi bila kujua. Jumapili nilipokuletea chai nilikuwa nasimama mlangoni nakutazama. Ukishika mpini unaanza polepole, na ile kengele ndogo iliyo juu yake inalia kila mzunguko, ngring, ngring, inakugombeza kwamba mwendo bado. Ukifikia mwendo wake inanyamaza, ndipo unafungua maziwa. Krimu mdomo huu, maziwa mepesi ya ndama mdomo ule. Ukimaliza unaliacha bakuli lake lizunguke mpaka litulie lenyewe. "Usilishike," uliniambia. "Ngoja hasira iishe." Ndipo tulipokuwa tunakunywa chai, mimi juu ya ndoo iliyogeuzwa, wewe umeegemea ukuta, na kwa dakika hizo hakuna mtu angeweza kukutuma kitu. Nilipenda dakika hizo kuliko Krismasi.

Siku za kwanza mkono uliuma mpaka nilishindwa kusonga ugali. Nilijikaza. Wanawake wa pareto walipita kwenda kupalilia wakicheka, wakaniita Bwana Mashine, na mimi nikawajibu kwamba bwana hasalimiwi hivyo.

Halafu nikafanya kosa.

Unakumbuka ile siku nilitaka kukusaidia kuosha vile visahani vya ndani ya bakuli la mashine? Nilikuwa nimekunja mikono ya gauni tayari. Ukanipokonya. "Hapana. Mikono yako ni ya sufuria, wacha hii." Niliona umenidharau. Nilinuna siku mbili, nikakupa chakula bila kukaa nawe, na wewe ulivyo, hukueleza, ulikula ukashukuru ukatoka.

Sasa vilikuwa vyangu. Nikaviosha nilivyofundishwa na mama yangu kuosha kila kitu cha maziwa na cha jikoni, kwa majivu na gunzi la mahindi. Nilisugua mpaka nikajiona usoni. Niliviweka kimoja kimoja kwenye waya wake, kwa mpango wake, nikasema moyoni, Baba Rebeka angeona hivi angetubu.

Siku tatu hivi baadaye mkebe wa krimu ulirudi kutoka kiwanda cha siagi Nakuru na karatasi: daraja la tatu. Krimu ilikuwa na uchachu na ladha ya chuma. Memsahib alifungua mashine, akakiinua kisahani kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Nilikuwa nimekwangua ile rangi ya fedha yote, chuma kinaonekana, na kwenye mikwaruzo maziwa yameganda.

"Veve naosha na nini?"

"Na majivu, memsahib."

Alipitisha kidole kwenye mikwaruzo, na mimi moyoni nilishaanza kufunga mizigo. Kisha akaagiza visahani vipya. Akasema mara nyingine hakuna maneno, ni kwenda tu.

Nililia nikiwa nimekalia ile ndoo. Nililia kwa aibu, lakini zaidi kwa zile siku mbili. Hukunidharau. Ulijua tu mke wako, kwamba akipewa kitu cha kuosha atakisugua mpaka kiombe msamaha. Mbona hukuniambia? Na mimi mbona sikuuliza? Tulikuwa na siku chache hivyo, kabla ya kichomi kukuangusha, na mbili nikazitupa. Nisamehe.

Tangu hapo naosha kwa njia yako: maji baridi kwanza, halafu ya moto na magadi, na ile brashi yako ndogo iliyolala upande mmoja kwa sababu ya mkono wako. Mimi nasugua upande ule ule ili isibadilike.

Jana mwezi ulitimia. Karatasi ilisema daraja la kwanza. Memsahib aliitundika kwenye msumari, akaniambia nibaki kazini. Nyumba ni yangu, na wewe hutahamishwa wala kuachwa. Nilitoka na habari hiyo nikaipeleka mpaka mlangoni kwetu, mbio kabisa, nikafungua. Jivu lilikuwa baridi. Nilikuwa nimesahau kwamba wa kuambiwa hayupo.

Sikuwahi kukueleza jambo hili. Jioni nikiwa nyumbani nilikuwa nasikiliza kengele yako. Ikilia, najua umeanza. Ikinyamaza, najua mwendo umekubali, nabandika maji, na ukifika yanachemka. Ulidhani nina bahati ya kupatia wakati.

Sasa nazungusha mwenyewe. Ikinyamaza, kazi inaenda sawa, na huo ndio wakati ninaoumia zaidi, kwa sababu huko nyumbani hakuna anayesikia. Leo nimeachia mpini upungue kidogo makusudi, ikalia mara moja, kisha nikaurudisha mwendo.

Kutoka hapa mpaka hapo ulipo si mbali, na jioni upepo unapanda huko juu. Lala salama, Baba Rebeka. Na ukisikia kengele imenyamaza, nibandikie maji.

Ni mimi mke wako,
Mama Rebeka