Orodha ya Majeruhi

Troyeville, Johannesburg

Yaya Béatrice, dada yangu mkubwa,

Amani iwe nyumbani kwako. Huku baridi imeingia, na goti langu lenye risasi linauma tangu asubuhi. Kazi ya ulinzi naendelea nayo. Barua hii anakuletea mama mchungaji mkononi, maana simu siiamini tena.

Mwezi uliopita alikuja kanisani mtu mmoja mwenye koti zuri. Alisema ofisi ya jimbo letu huko nyumbani inawasaidia askari wa zamani waliojeruhiwa vitani, naye anaandika orodha. Thierry, rafiki yangu aliyekatwa mguu, alifurahi sana. Lakini yule mtu hakuutazama mguu hata mara moja. Aliuliza tulipigana upande gani, na kamanda wetu alikuwa nani.

Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi niligongwa na lori."

Thierry alinikasirikia. "Emery, unakataa msaada kwa woga wako!"

Akapewa tikiti ya ndege, akaenda nyumbani kupokea mguu wa bandia. Jumapili alinipigia simu. "Njoo, ndugu, msaada upo," alisema, lakini kwa Kifaransa, na tangu tujuane tunasemeshana Kiswahili tu. Nilipomwuliza mguu mpya unamkaaje, simu ikakatika.

Jana yule mtu alinifuata kazini. Hakunijulia hali. Aliuliza kama bado unauza vitenge pale sokoni Uvira.

Yaya, ukiisoma barua hii, siku hiyohiyo mchukue mama mvuke mpaka wa nchi. Mtu akikuuliza, sema mdogo wako alifia vitani.

Nduguyo,
Emery