Nyuzi Nene za Ngige

Wamboi, umesikia yenye Muturi amefanyia Ngige huko Kanduyi? Mpaka saa hii siamini.

Si bendi ya harusi ilikuwa inatafuta mpiga gitaa? Jana hapa Kitale, Muturi mwenyewe akamshauri abadilishe nyuzi. Ati nyembamba zinalia kama mbu. "Weka nene bana, sauti ijae."

Ngige akamwamini. Si ni rafiki yake?

Sasa leo kwa majaribio ya bendi huko Kanduyi, mbele ya watu, nyuzi ni ngumu kama seng'enge. Anavuta uzi kwa kidole ndio noti ipande, haipandi. Vidole vikachanika, damu ikapaka gitaa. Watu wakacheka. Mkubwa wa bendi akamwambia kwa maiki, "Kijana, rudi shamba ukalime."

Kwa maiki, Wamboi!

Halafu Muturi akasimama na gitaa lake. Nyuzi nyembamba kama nywele! Akapiga wimbo ule ule, noti zikapanda bila shida. Akachukuliwa papo hapo.

Ngige akamfuata nje, vidole amefunga na leso, machozi yanamlenga. "Si uliniambia nene ndio nzuri?"

Muturi hata hakuona haya. "Nilikuambia wewe. Mimi nilikuwa nataka kazi."