Nilisema Programu ya Lori Iko Tayari

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla Alhamisi ya wiki ijayo haijafika, mimi ni mama wa kuchuma chai hapa Kiptere, shule niliachia darasa la nne, na msichana wangu Chepkirui anatengeneza programu ya kuambia wakulima lori ya majani imefika wapi, kwa sababu majani ikikaa kwa gunia na jua inaungua na karani wa kupima anaikataa, na mimi kwa furaha ya mzazi nikamwambia chairman wa kituo chetu cha kuuza majani, tukitoka kanisa, kwamba kazi imeisha, akasema kamati itakuja kwangu hiyo Alhamisi kuiona, na Chepkirui hajui, na kazi haijaisha.

Nilimuuliza shida ni gani, akasema, "Mum, programu iko ndani ya kontena, habari za lori ziko kwa database ya laptop yenyewe, na kontena haiifikii."

Nikamwambia, "Si yote ni laptop moja? Watu wa nyumba moja wanashindwa aje kusikizana?"

Alicheka, lakini chai aliacha ikapoa. Nimenakili kutoka kwa karatasi yake: minikube, localhost, connection refused. Sasa nafikiria kuambia chairman mtoto ni mgonjwa. Nifanye nini?

Mama Chepkirui, Kiptere

Mama Chepkirui, kunakili hayo maneno ulifanya vizuri. Mengine tutaongea.

Nilimwonyesha Owiti, fundi wa kompyuta hapa ofisini. Anasema minikube ni kama kompyuta ndogo ndani ya laptop, na kontena, kile kisanduku cha programu kilicho humo, ikiambiwa localhost, yaani hapa hapa, inajitafuta yenyewe, haitoki nje kufika kwa laptop. Chepkirui aondoe jina hilo, aweke host.minikube.internal. Ikikataa bado, aangalie kama database inasikiliza laptop peke yake. Aifungulie mtandao wa minikube, si dunia nzima. Kata kipande hiki cha gazeti umpe.

Lakini akisoma jibu langu atasoma na barua yako, kwa hivyo mwambie kwanza, kwa mdomo wako, leo.

Ugonjwa sahau. Wamama wa kanisa watafika na maziwa ya mursik kumwombea, na wewe utamlaza kitandani? Nenda kwa chairman mwenyewe, umwambie ulitangulia kusema. Najua ilikuwa ni furaha, na hata yeye ni mzazi. Akikuuliza basi ni lini, hata kama kontena imekubali asubuhi hiyo, usitaje siku. Mwambie amuulize Chepkirui.